Kutakaswa kwa Banquo: Historia na Uchu wa Madaraka katika Macbeth

Macbeth ya Shakespeare aghalabu husomwa kama tanzia ya mtu aliyeponzwa na uchu wa madaraka. Hata hivyo, historia ya kisa chenyewe yadhihirisha mengine. Mfalme Duncan aliuawa vitani mwaka 1040 na jeshi la Macbeth, aliyeitawala Uskoti kwa miaka 17. Mauaji ya mgeni usingizini Shakespeare aliyachota katika kisa cha mfalme mwingine, Duff, kilichomo katika tarihi ya Holinshed. Humo humo, Banquo ni mshirika wa njama dhidi ya Duncan. Jukwaani hana doa. Sababu haiko mbali. James wa Kwanza, aliyekalia kiti cha Uingereza mwaka 1603, ukoo wake ulinasibishwa na Banquo. Banquo alipotakaswa, hatia yote iliwaelemea Macbeth na mkewe. Hivyo, tamthilia inayolaani uchu wa madaraka yenyewe ilifinyangwa na madaraka. Msomaji wa tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, anayemwona Banquo kuwa kielelezo cha uadilifu, hana budi kumtazama pia kama alama ya tahadhari ya msanii mbele ya mtawala.