Shaba ya Fungurume na Gharama ya Njia
Fungurume, mji wa migodi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko mbali na bahari zote mbili, Hindi na Atlantiki. Katika historia ya biashara ya shaba yake, istilahi nyingi za forodha zimehusu jambo moja: gharama ya njia inamwangukia nani.

Kabla ya ukoloni, Wasanga wa eneo hilo walichimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha katika tanuri za udongo wa vichuguu na kumimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa bidhaa na fedha kwa pamoja. M'siri, aliyetoka Unyamwezi na kusimamisha dola la Wayeke huko Bunkeya, alifanya biashara na pwani ya Waswahili upande wa mashariki na Benguela upande wa magharibi. Ushuru wa misafara uliitwa hongo: nguo, shanga au baruti alizopewa mtawala ili wapagazi wapite katika nchi yake. Kwa kuwa kila mtawala njiani alidai yake, tajiri hakujua mzigo umemgharimu kiasi gani hadi ulipofika.

Mkataba wa Berlin wa 1885 ulipiga marufuku ushuru wa bidhaa zinazoingia bonde la Kongo, lakini haukugusa ushuru wa zinazotoka. Mwaka 1890, huko Brussels, Leopold II, mfalme wa Wabelgiji aliyeitawala Kongo, aliruhusiwa kutoza bidhaa zinazoingia hadi asilimia 10 ya thamani yake. Neno zito hapo ni thamani, maana ushuru wa asilimia hauhesabiki kabla ya kuamuliwa bidhaa inathaminiwa mahali gani, na thamani hupanda kwa kila kilomita.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata kampuni ya madini ya Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba iliyotokea bandari ya Beira, Msumbiji. Kupitia nchi ya wengine hakukuwapendeza Wabelgiji, watawala wa koloni la Kongo. Mwaka 1928 walikamilisha njia ya Port-Francqui, Ilebo ya leo, iliyobaki ndani ya koloni hadi Matadi ingawa mzigo ulishushwa garimoshini, ukapanda meli ya mtoni, kisha ukarudi relini. Njia fupi zaidi ilikuwa reli ya Benguela, iliyounganishwa mwaka 1931 kupitia Tenke, jirani ya Fungurume, hadi bandari ya Lobito, Angola. Vita vya Angola viliikata mwaka 1975.

Katika miaka hiyo ya reli, lugha ya mikataba nayo ilikuwa ikipangwa. Mwaka 1936 Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao Paris, kilitoa Incoterms, masharti ya pamoja ya mauzo ya kimataifa. Kwa FOB, muuzaji hubeba gharama na hatari mpaka mzigo upakiwe melini. Kwa CIF hulipia pia nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi. Masharti haya yalitungwa kwa watu wa bandarini. Mchimbaji wa Fungurume anayeuza kwa FOB Durban anabeba gharama ya barabara nzima ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia na kuendelea kusini. Sharti la kumkabidhi mchukuzi mzigo mahali palipokubaliwa, liitwalo sasa FCA, lilikuja mwaka 1980 na linaifaa nchi isiyo karibu na bandari.

Mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kuzalisha mwaka 2009. Kathodi zake, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa, huandikwa chini ya namba 7403 ya orodha ya forodha ya dunia, na hidroksidi ya kobalti, madini yanayotoka pamoja na shaba, chini ya 2822.

Mabadiliko makubwa zaidi yalifanyika katika mrabaha, yaani fungu ambalo mgodi huilipa serikali kwa madini yake. Sheria ya madini ya 2002 iliweka asilimia 2 ya mauzo baada ya kuondoa usafirishaji, bima na gharama za kuuza, kwa hiyo urefu wa njia ulipunguza fungu la serikali. Sheria ya 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba hadi asilimia 3.5 na kuutoza juu ya thamani ghafi. Makato ya njia yakafutwa. Kobalti, iliyotangazwa mwaka huohuo kuwa madini ya kimkakati, inatozwa asilimia 10. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wake nje ya nchi, na Oktoba ikaweka mgao wa tani kwa kila kampuni.