Kukataza na Kupekua ni Mambo Mawili

Jamani, mtu akichati na mchumba wake kwa intaneti ya ofisini, bosi ana haki ya kusoma? Kwenye chumba chetu cha habari swali hili huzua kelele. Mimi nasema tuanzie kwenye historia.

Mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ilimpa ushindi Alison Halford, afisa mwandamizi wa polisi Uingereza, ambaye simu zake za ofisini zilisikilizwa kisiri. Aprili 2007, katika kesi ya mfanyakazi wa chuo kimoja cha Wales, ikasema barua pepe na matumizi ya intaneti kazini nayo yanalindwa.

Miezi mitatu baadaye, jijini Bucharest, Romania, mhandisi Bogdan Bărbulescu aliitwa na mwajiri wake. Alikuwa ameagizwa kufungua akaunti ya Yahoo Messenger ya kuwajibu wateja, na kanuni za kampuni zilikataza kutumia kompyuta kwa mambo binafsi. Akajibu kwa maandishi kwamba aliitumia kwa kazi tu. Akaonyeshwa kurasa 45: maongezi yake na nduguye na mchumba wake, mengine ya chumbani kabisa. Tarehe 1 Agosti 2007 akafukuzwa.

Alishindwa kwao Romania. Januari 2016 akashindwa na Strasbourg, kura 6 kwa 1. Kesi ikapelekwa mbele ya majaji 17 wa mahakama hiyohiyo, na tarehe 5 Septemba 2017 akashinda, kura 11 kwa 6. Zaidi ya gharama za kesi, hakupewa fidia.

Msomaji, usinielewe vibaya. Mahakama haikuwanyima waajiri haki ya kudhibiti intaneti. Iliuliza: je, mfanyakazi aliambiwa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiasi gani? Kulikuwa na sababu ya msingi? Hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kusoma ujumbe wenyewe?

Bosi akifunga tovuti, unaona: ukurasa haufunguki, unanuna, unaendelea na kazi. Akisoma kimyakimya, huoni kitu. Na kwetu waandishi anayesomwa si mimi peke yangu. Ni pia yule aliyenipa habari akiamini jina lake litabaki kwangu. Kwa hiyo mimi nasema: funga unachotaka kufunga, ila ukitaka kusoma, niambie kabla.

Wewe unasemaje?