Siku mwili umekataa: historia ya uji, muhogo na katogo

 

Kuna dada mmoja wa kikundi chetu hapa Nakivale aliacha kuja. Wiki ya kwanza tukasema labda anafua nguo. Wiki ya pili tukasema ana mambo yake. Wiki ya tatu mmoja wetu akasema wazi, "Huyo amekuwa mvivu tu." Na sisi wengine tukacheka. Tunaandika haya kwa sababu ya kicheko kile.

Tulipoenda kwake tulimkuta amelala mchana, mlango wazi, mbabula baridi, maharage mabichi kwenye ndoo. Hakuwa na malaria. Alipata habari mbaya toka nyumbani, na mwili ukakataa. Chakula alikuwa nacho, lakini maharage ni saa mbili au tatu za moto, na kabla ya moto kuna maji ya kuchota na kuni za kutafuta. Sisi tulisimama pale mlangoni kama miti. Mama jirani ndiye alijua la kufanya. Hakuuliza kitu. Alikoroga uji wa mtama kwake, akatia chumvi kidogo na sukari, akaleta kikombe. "Kunywa hata nusu, mwanangu. Nusu ingine nitakunywa mie." Dada akanywa yote.

Tukiwa tunarudi tulimuuliza mama yule nani alimfundisha. Akasema, "Mama yangu. Na yeye mama yake." Basi tukaona tutafute: hivi vyakula vya siku ya kukosa nguvu vilitoka wapi? Tuliuliza wazee wa Kongo, Burundi na Rwanda, tuliuliza majirani Wanyankole, na tulisoma tulichoweza kupata. Haya ndiyo tumeyaelewa.

Uji ulikuwepo kabla ya mahindi

Vijana wengi tunadhani uji ni unga wa mahindi. Lakini mahindi ni mgeni. Yalitoka Amerika, na hayakuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Babu zetu wa zamani hawakuyajua kabisa. Uji wao ulikuwa wa ulezi na mtama, na nafaka hizi mbili ni za Afrika yenyewe. Ulezi umelimwa maelfu ya miaka katika nchi za juu za Ethiopia na Uganda. Mtama asili yake ni upande wa Sudan.

Majina ni mengi, chungu ni kimoja. Wanyarwanda na Warundi wanasema igikoma. Majirani zetu Wanyankole hapa Isingiro wanasema obushera. Kongo wengi wanasema buyi, neno la Kifaransa lililozoea midomo yetu. Katika familia nyingi mama aliyejifungua hupewa uji ili maziwa yashuke. Mgonjwa, mzee asiye na meno, mtoto anayeachishwa ziwa na mtu aliyetoka kuzika, wote hupewa uji. Sababu ni rahisi: uji unataka sufuria moja, moto mdogo na mkono mmoja wa kukoroga. Na mnywaji hahitaji kutafuna. Mtu mwenye huzuni kubwa, hata kutafuna ni kazi.

Lakini kuna jambo tulikuwa hatujaliona. Obushera mara nyingi hauliwi siku ile ile. Unaachwa uchachuke, na ukichachuka unakaa siku kadhaa bila kuharibika. Yaani mtu anaupika siku ana nguvu, anaunywa siku hana. Hii ndiyo akili ya wazee, na tutairudia huko mbele.

Hata ile chumvi kidogo ya mama jirani ina historia. Karne nyingi chumvi ya eneo hili ilitoka ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda. Ilibebwa kichwani na kwa mitumbwi mpaka Kongo, Rwanda na Ankole, ikabadilishwa na chakula, majembe na mifugo. Wafalme waliigombania. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard alipofika alijenga ngome pale pale Katwe, maana alijua aliyeshika chumvi ameshika biashara. Sisi leo tunainunua kwa pakiti ndogo dukani na kuinyunyiza bila kufikiri.

Muhogo: rahisi kula, si rahisi kuandaa

Ukimuuliza Mkongomani chakula gani kinamtuliza roho, atakujibu bugali na sombe. Tanzania sombe wanaiita kisamvu, Kinshasa pondu, Burundi na Rwanda isombe. Ukiwa na ndagala kidogo na mafuta ya mawese, siku mbaya inapungua ubaya.

Na muhogo pia ni mgeni. Wareno waliuleta toka Brazili mpaka pwani ya magharibi ya Kongo katika karne ya 16. Toka pale ulipanda na mito na njia za biashara, kijiji kwa kijiji, ukaingia ndani ya bara. Kwa upande mwingine uliingia kutoka Bahari ya Hindi, na misafara ya karne ya 19 ikausogeza zaidi. Watu waliupenda kwa sababu unavumilia ukame, unakaa ardhini muda mrefu bila kuoza, na nzige hawaufikii mzizi. Jeshi likipita na kuchoma ghala, muhogo bado uko chini ya udongo. Kwa watu wanaokimbia-kimbia hilo si jambo dogo.

Kuna mahali haukuja kwa kupendwa. Mwaka 1928 na 1929 Rwanda ilipata njaa kubwa iitwayo Rwakayihura. Baada yake Wabelgiji, waliotawala Rwanda na Burundi, walilazimisha watu kulima muhogo na mazao mengine ya kuzuia njaa. Asiyelima aliadhibiwa. Ndiyo sababu hata leo wazee wengine wanauona muhogo kama chakula cha amri, chakula cha shida. Wajukuu wao wameusahau ule mjeledi, wanaula kwa furaha. Kitu kilichokuja kwa fimbo kimegeuka kitu cha faraja.

Sasa ndugu, hapa tusomane vizuri. Muhogo mchungu una sumu. Bamama wanaujua: wanaumenya, wanauloweka siku tatu, wanauanika, ndipo wanautwanga. Mwaka 1938 daktari Mwitaliano aitwaye Trolli aliandika juu ya ugonjwa aliouona Kwango, Kongo. Miguu ya watu inakakamaa ghafula na haiponi. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Unawapata zaidi bamama na watoto, wanaokula muhogo usioandaliwa vizuri na hawana nyama, samaki wala maharage ya kutosha kusaidia mwili kutoa sumu. Mwaka 1981, wakati wa ukame kule Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza hivyo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliona Bandundu kwamba barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta wanunuzi wengi, basi watu wakaharakisha: badala ya kuloweka siku tatu wakaloweka moja.

Angalieni vizuri. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka, au njaa, au uchovu. Siku ya kukosa nguvu ndiyo siku ya kuruka hatua, na kwa muhogo mchungu hatua hairukwi. Kama una unga wa muhogo usiouamini, kuna njia ambayo bamama wa Bandundu walifundishwa na inasaidia: changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze mwembamba, uache juani saa 2 au kivulini saa 5, halafu upike siku hiyo hiyo. Sumu inaruka hewani. Njia hii haitaki nguvu, inataka kungoja tu. Lakini haichukui nafasi ya kuloweka. Ni ya kuongezea. Sombe nayo lazima itwangwe na ichemshwe sana.

Katogo: sufuria moja inatosha

Hapa Isingiro ni nchi ya ndizi. Mgomba ulitoka Asia, ukafika maziwa makuu karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote, na watu wa hapa wakaukuza mpaka wakapata aina zao wenyewe ambazo huzikuti kwingine. Kutoka kwa Waganda na Wanyankole tumejifunza katogo: matoke yaliyomenywa yanawekwa sufuria moja na maharage yaliyoiva, au karanga, au matumbo, na yanachemka pamoja. Zamani lilikuwa chakula cha asubuhi cha watu wa kawaida. Leo hata hoteli zinaliuza. Uzuri wake ni sufuria moja, moto mmoja, kuosha mara moja. Hakuna bugali wa kusonga, na anayejua kusonga bugali wa watu sita anajua bega linavyouma.

Maharage na karanga vyote vilitoka Amerika kama mahindi. Lakini Rwanda, Burundi na Kivu waliyapokea maharage mpaka leo ni kati ya watu wanaoyala zaidi duniani, na mkulima mmoja huchanganya mbegu za rangi nyingi shambani mwake. Ugumu wa maharage ni moto. Loweka usiku, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Kuni zinapungua sana. Ila usiyatoe nusu-mbichi, hasa mekundu. Hayo nayo yana sumu inayokufa kwa kuchemka kweli kweli tu.

Mgao na uchovu

Historia yetu ya karibuni inapikwa pia. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi wetu tumefika baadaye sana, kila mmoja na vita vyake. Ule unga wa mahindi na soya wanaopewa watoto na wajawazito ulianza kutengenezwa Marekani miaka ya 1960, kwa ajili ya misaada ya chakula. Ajabu ni kwamba watu wa maabara walifika pale pale bibi zetu walipofika: mtu dhaifu, mpe uji.

Mwezi wa nne 2020 mgao wa wakimbizi Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi wa pili 2021 ukabaki asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi, na wengine hawakupata tena kitu. Sababu ilitangazwa, pesa za wafadhili zimepungua. Sisi hatuandiki hapa kulaumu mtu. Tunasema tu kwamba mwili usiokula vizuri unachoka, mwili uliochoka haupiki, na asiyepika hali. Ni mduara. Ukiongeza habari mbaya toka nyumbani, mtu analala mchana na mlango wazi.

Kwa wahudumu tuna ombi moja. Mkikuta maharage yamekaa mabichi nyumbani kwa mtu, msiandike haraka kwamba hayahitaji, au kwamba anangoja kuyauza. Ulizeni kwanza kama ana nguvu za kuyapika. Ulizeni kama ana kuni.

Tunachofanya sasa

Tulisema tutarudia akili ya wazee. Katika vyakula vyote hivi tumeona kitu kimoja. Chakula rahisi cha siku mbaya hakijawahi kuwa rahisi. Kazi yake ilifanyika mapema, au ilifanywa na mtu mwingine. Muhogo uliloweka siku tatu. Obushera ulichachuka siku mbili. Unga wa mtama uliokuwa kwa mama jirani aliusaga yeye mwenyewe, siku alipokuwa na nguvu.

Kwa hiyo nyumba tano za kikundi chetu tumeanza zamu. Kila Jumamosi nyumba moja inapika maharage mengi, wengine wanaleta kuni, maji na chumvi, na kila mtu anaondoka na bakuli lake. Hatuna friji, basi jioni na asubuhi tunayachemsha tena yasiharibike, na kesho yake ukitia matoke ni katogo. Pia kila nyumba ina kopo la unga wa uji ambalo haliguswi siku ya kawaida. Ni la siku ile. Na mtu akikosa kuja mara mbili, tunaenda kumwona kabla ya mara ya tatu.

Dada yetu alirudi baada ya muda. Hakurudi siku moja na hakurudi akicheka. Mara ya kwanza alikaa nyuma, hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba nyingine, lakini alikuja asubuhi na ndoo yake. Yale maharage yalikuwa bado ndani. Alikuwa ameyaloweka toka usiku.

Yule aliyesema "mvivu" ndiye alienda kukata kuni.