Maji ya kunywa katika Mtowisa

Mtowisa ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa. Iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya milima ya Lyambalyamfipa. Makala hii inaeleza mwili unahitaji maji kiasi gani katika mazingira hayo, na jinsi kaya inavyoweza kuyaweka karibu, yakapoa na kupendeza kinywani, hata watu wakayanywa bila kuhimizwa.

Mji wa Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Ziwa liko kwenye mita 800 hivi. Kila mita 1,000 za kushuka huongeza joto la hewa kwa takriban nyuzi 6. Asubuhi ya Juni mtu wa Sumbawanga anajikunyata ndani ya sweta, na mchana wa Oktoba ndugu yake aliyeko bondeni anatafuta mti wenye kivuli. Kuwapa hawa wawili agizo moja la glasi nane kwa siku ni kukosa hesabu.

Glasi hizo nane mara nyingi huhusishwa na mwaka 1945, pale Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ilipotaja lita 2.5 kwa siku. Bodi ilieleza papo hapo kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya chakula, lakini maelezo hayo hayakusafiri mbali kama ile namba. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika mwongozo wa 2010, ilitaja lita 2.0 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, chakula kikiwemo, kwa mtu asiyefanya kazi nzito na asiye kwenye joto kali. Kwa bonde la Rukwa kipimo kinachofaa zaidi ni cha Shirika la Afya Duniani: mama anyonyeshaye, afanyaye kazi ya wastani mahali penye joto, anahitaji takriban lita 5.3. Na mara nyingi mama huyo ndiye mwenye ndoo kichwani. Anayehitaji maji kuliko wote nyumbani ndiye anayetoka jasho kuyafuata.

Kwa hiyo umbali ni jambo la kwanza. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kutoka kituo kisichozidi mita 400, kituo kimoja kikihudumia watu 250. Ziwa lenyewe si la kutegemewa kwa kunywa: halina mto unaotoka, hivyo chumvi na magadi hubaki humo humo. Tegemeo la wakazi wa bondeni ni mito na chemchemi zinazotoka milimani, pamoja na visima. Chanzo kikiwa juu, maji huletwa kijijini kwa mserereko, bila pampu wala dizeli. Tangu 2019 huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na uendeshaji wa kila siku hufanywa na vyombo vya watumia maji vya jamii. Bomba likikaribia nyumba, unywaji huongezeka bila semina yoyote.

Mtungi

Jambo la pili ni ubaridi. Katika majaribio ya miaka ya 1980, watu waliopungukiwa maji walipewa maji ya joto mbalimbali, wakanywa mengi zaidi yalipokuwa karibu nyuzi 15. Maji ya vuguvugu yaliwakinaisha kabla mwili haujatosheka. Dumu la plastiki lililoachwa juani hufanya hivyo hivyo: mtu hunywa mafunda mawili, akaliweka chini, akadhani kiu imekwisha.

Mtungi wa udongo usiopakwa rangi una vitundu vidogo sana. Maji hupenya polepole hadi nje, hukauka kwa upepo, na yanapokauka huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Kwa kuwa kazi hii inategemea ukavu wa hewa, mtungi hupoza vizuri zaidi mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, wakati joto linapouma. Masika, hewa ikiwa na unyevunyevu, hupoza kidogo tu. Jokofu la nyumbani haliwezi kujisifu kwa kupangilia kazi hivyo. Mtungi uwekwe kivulini, penye upepo, juu ya kigoda au mchanga mbichi, na usuguliwe nje mara kwa mara ili vitundu visizibe. Ukipakwa rangi ya mafuta unapendeza, na unaharibika. Shambani, kidumu kilichofungwa gunia lililoloweshwa na kutundikwa mtini hufuata kanuni ile ile.

Udhaifu wa mtungi ni mdomo wake mpana. Maji safi ya bombani huchafuliwa nyumbani kwa kikombe na vidole. Dawa yake ni kifuniko na kata yenye mpini mrefu isiyotumika kwa kazi nyingine, au mtungi wenye koki chini. Katika bonde hili tahadhari hiyo si ya kujionyesha: mwaka 2018 vijiji vya bonde la Rukwa vilikumbwa na kipindupindu.

Kuchemsha huua vijidudu, ila huleta malalamiko ya ladha: maji yamepooza, tena yananuka moshi. Malalamiko hayo yana msingi, maana hewa iliyoyeyuka majini hutoka yanapochemka. Yafunikwe yakiwa jikoni ili moshi usiingie, kisha yakipoa yamiminwe kutoka chombo kimoja safi hadi kingine mara kadhaa. Hewa hurudi, ladha nayo. Harufu ya dawa ya klorini hupungua maji yakikaa usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa. Kipande cha limau au ukwaju kidogo huwapendeza watoto; sukari haihitajiki.

Uji wa ulezi, nafaka ya Wafipa wa tangu zamani, ni maji kwa sehemu kubwa, na huhesabiwa katika maji ya siku. Togwa, chai, maembe na matikitimaji vivyo hivyo. Pombe haihesabiwi sawasawa, kwa kuwa kilevi huzidisha mkojo. Anayekata kiu ya kulima kwa pombe kali anajikopesha.

Kipimo cha kuaminika zaidi ya glasi ni rangi ya mkojo: ukiwa wa njano hafifu, maji yanatosha, ukiwa mzito kama chai ya rangi, ongeza. Wazee hawasikii kiu vizuri, hivyo hupewa maji bila kusubiri waombe. Kunywa lita nyingi kwa mkupuo nako ni hatari, kwani chumvi ya damu hushuka, na wagonjwa wa moyo au figo hufuata kiasi walichopangiwa na daktari. Mwenye kuharisha hatoshelezwi na maji matupu: huchanganyiwa pakiti ya chumvichumvi (ORS) katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja, na mchanganyiko uliobaki humwagwa baada ya saa 24.