Linux: Namna kiini kilivyorekebishwa ili ishara isifikie mchakato usiohusika

Linux ni mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds nchini Finland. Kiini chake, yaani programu kuu inayosimamia nyingine zote, hutumika katika seva nyingi duniani na pia katika simu za Android.

Kila programu inayoendeshwa huitwa mchakato, na kiini huipa namba ya utambulisho. Kwa kutumia namba hiyo, mchakato mmoja huweza kuomba kiini kiupelekee mwingine ishara. Ishara ya 15 huutaka mchakato ukamilishe kazi na kujifunga kwa utaratibu. Ishara ya 9 huusitisha papo hapo, wala hauwezi kuikataa.

Kasoro ya utaratibu huo, uliorithiwa kutoka mfumo wa Unix, ilikuwa katika namba zenyewe. Kwa muda mrefu kikomo chake cha kawaida kilikuwa 32,768. Kikomo kinapofikiwa, kiini huanza kuhesabu upya na kugawa namba zilizoachwa na michakato iliyokwisha. Ni sawa na namba ya simu iliyoachwa na mwenyewe kisha ikauzwa kwa mteja mwingine: anayetuma fedha kwa namba aliyoihifadhi zamani humpelekea mtu asiyemjua.

Hivyo programu ingeweza kukusudia kusitisha mchakato fulani, kumbe mchakato huo umekwisha na namba yake imepewa mwingine. Ishara ya 9 ingeuangusha mchakato usiohusika, pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. Tukio hilo ni nadra, lakini ni gumu kulichunguza, kwa kuwa kiini kimetii agizo kama kilivyopewa. Mchakato mzazi pekee ulikuwa na kinga, kwani namba ya mtoto wake haigawiwi upya kabla mzazi hajapokea taarifa ya mwisho wake.

Marekebisho yaliyoandikwa na mhandisi Christian Brauner yaliingizwa katika toleo la 5.1, Mei 2019, kwa wito mpya uitwao pidfd_send_signal. Badala ya namba, mtumaji hutumia kishikio kilichofungamanishwa na mchakato wenyewe. Mchakato ukiwa umekwisha, kiini hurudisha taarifa ya kosa na ishara haimfikii yeyote. Toleo la 5.2 liliwezesha kishikio kutolewa pale mchakato unapozaliwa, na la 5.3 likaruhusu kukiomba kwa mchakato ambao tayari unaendeshwa.

Hata hivyo, kishikio kinachoombwa kwa namba baada ya mchakato kwisha chaweza kuwa cha mchakato mwingine. Ni lazima kichukuliwe mapema. Aidha, wito wa zamani haukuondolewa, ili programu zilizopo zisivunjike. Kwa hiyo kinga hii huzinufaisha tu programu ambazo waandishi wake wameamua kuitumia.