Mafundi Shaba wa Mosul na Hukumu ya Vyombo Vyao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu msomaji, wako vijana wetu ambao, wakishamaliza kazi zao za kutwa, hukaa na nyundo na bamba la shaba wakafua sinia, chetezo au birika na kulitia nakshi kwa mkono. Hawafanyi kwa biashara, bali kwa kuipenda kazi yenyewe. Hapo huzuka maneno. Mmoja husema kuwa huo ni upuuzi na israfu, na kwamba fedha inayopachikwa katika shaba ni haramu moja kwa moja. Mwingine hujibu kuwa wafalme wa Kiislamu walikuwa na vyombo kama hivyo, basi uharamu umetoka wapi? Sisi tunaona kauli zote mbili zina upungufu. Tuitazame historia, kisha tuitazame fiqhi, na kila moja tuipe mahali pake.

Asili katika Qur'ani na Sunna

Katika Suratu Sabaa, aya ya 10 hadi ya 12, Mwenyezi Mungu (S.W.) anataja neema ya chuma kilicholainishwa kwa Nabii Daud (A.S.) na chemchemi ya shaba iliyoyeyuka kwa Nabii Suleiman (A.S.). Imam Bukhari amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alisifu chumo la mkono wa mtu, akamtolea mfano Nabii Daud. Basi ufundi wa madini si jambo la kudharauliwa.

Ama matumizi ya shaba, Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Zaid (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwajia, wakamletea maji katika chombo cha sufri, yaani shaba, akatawadha kwayo. Neno letu "sufuria" limetokana na neno hilo hilo.

Kwa upande wa pili, Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Hudhaifa (R.A.) huko Madain, Iraq. Aliomba maji, akaletewa katika chombo cha fedha, akakitupa, kisha akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Mpaka umewekwa wazi: shaba ni halali, na chombo cha dhahabu au fedha tupu ni haramu kwa mwanamume na mwanamke.

Mosul katika karne ya saba Hijria

Katika nchi hiyo hiyo ya Iraq, karne sita baada ya Hudhaifa, mji wa Mosul ulivuma kwa vyombo vya shaba ya manjano vilivyopachikwa fedha. Msafiri Ibn Said al-Maghribi, aliyeufikia katika karne hiyo, aliandika kuwa vyombo hivyo vilichukuliwa kutoka hapo kupelekewa wafalme. Leo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, lipo birika lililoingia huko mwaka 1866. Limeandikwa kuwa limetengenezwa na Shuja bin Man'a al-Mawsili, mjini Mosul, mwezi wa Rajab mwaka 629 Hijria (1232). Wakati huo mwanahistoria mkubwa Ibn al-Athir, mwandishi wa al-Kamil, alikuwa angali hai. Alifariki mjini humo mwaka 630.

Kazi yenyewe yataka subira. Shaba ikipigwa nyundo sana hukakamaa na kutaka kupasuka. Fundi huirudisha motoni mpaka iwe nyekundu, akaiacha ipoe, ikalainika, akaendelea kufua. Umbo likitimia, huchonga mfereji mwembamba na kuzikata kingo zake kwa chini. Kisha hulaza kipande cha fedha ndani yake na kuzigonga kingo zikibane. Hakuna gundi, ni chuma, nyundo na mkono uliozoea.

Damascus: fundi na faqihi

Baghdad ilianguka mikononi mwa Wamongoli mwaka 656 Hijria (1258), na Mosul ikatekwa mwaka 660 (1262). Lakini kabla ya Mosul kutekwa, baadhi ya mafundi wake walikuwa wamekwisha kufika Sham. Lipo birika lililotengenezwa Damascus mwaka 657 (1259) na Husain bin Muhammad al-Mawsili. Lipo jingine lililotengenezwa Cairo mwaka 674 na Ali bin Husain bin Muhammad al-Mawsili kwa ajili ya Sultani al-Muzaffar Yusuf wa Yemen. Kwa majina yao, huenda huyu ni mtoto wa yule.

Sasa zingatia jambo hili. Mwaka huo wa 657, Imam Nawawi alikuwa Damascus, kijana wa miaka 26 hivi, akisoma na kuandika. Hatusemi kuwa walikutana. Tunasema kuwa vyombo hivi vilikuwa mjini mwake, na hukumu alizoziandika hazikuandikwa na mtu asiyevijua.

Alisemaje? Katika Minhaj, kiraka cha fedha kikiwa kikubwa na cha pambo ni haramu. Kikiwa kidogo kwa haja, hakuna ubaya, kwa sababu Anas (R.A.) amesimulia kuwa kikombe cha Mtume (S.A.W.) kilipopasuka kiliungwa kwa fedha. Kidogo cha pambo, au kikubwa kwa haja, kinajuzu pamoja na karaha. Cha dhahabu ni haramu kwa hali yoyote. Imam Abu Hanifa amejuzisha kunywa katika chombo kilichopambwa fedha iwapo mdomo utaiepuka sehemu yenye fedha.

Birika la Shuja lina fedha nyingi ya pambo, na lina picha za watu, wawindaji na wapiga ala. Kwa kauli ya Nawawi, kutengeneza picha ya chenye roho ni haramu. Basi kuwa kitu kimefanywa na Waislamu, au kimemilikiwa na sultani, si dalili ya uhalali wake. Ustadi wa fundi tunausifu, na kosa tunaliita kosa.

Nasaha kwa fundi

Kwa hiyo, kijana anayefua shaba asikatishwe tamaa. Nakshi za maua, majani, mafundo na nyota zipo tele, na fedha ana njia ya kuiacha: shaba nyekundu ikipachikwa katika shaba ya manjano hupendeza, na hata birika la Shuja lina shaba nyekundu ndani yake. Aya za Qur'ani asizichonge kwenye chombo cha kutupwa huku na huku. Nawawi ameeleza katika at-Tibyan kuwa ni makuruhu kuzinakshi hata ukutani. Chombo cha chakula akitie bati ndani, maana vitu vichachu huila shaba na kumdhuru mlaji. Na adhana ikiadhiniwa, aweke nyundo chini.

Nasi maimamu na wanafunzi, tusiharamishe kwa haraka alichokitumia Mtume (S.A.W.) kwa udhu wake, wala tusihalalishe kwa sababu tu kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Wallahu aalam.