Chanjo ya UTI: imefikia wapi?

Katika maswali ya afya ninayoletewa na kina mama, hili la mkojo ndilo linalorudi zaidi. Mtu anachomwa akienda haja, anapewa dawa, anapata nafuu, na mwezi haujaisha mambo ni yale yale. Juzi msomaji mmoja wa Kisauni akaniuliza: kama mtoto anachanjwa surua na polio, mbona sisi hatuchanjwi UTI? Nimeona swali hili lina haki ya kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu wanasayansi wamelihangaikia miaka mingi na majibu yameanza kuonekana.

Kwanza tumjue adui. Maambukizi mengi ya njia ya mkojo, kama matatu katika kila manne, husababishwa na bakteria aitwaye E. coli. Huyu si mgeni. Anaishi ndani ya utumbo wetu sote bila taabu, na taabu huanza akihama kutoka nyuma kuja mbele. Mwanamke ana mrija mfupi wa mkojo, safari ya kufika kwenye kibofu si ndefu, ndiyo maana inakadiriwa kwamba karibu nusu ya wanawake huugua angalau mara moja maishani. Kwa mwaka 2019 peke yake watafiti walikadiria visa zaidi ya milioni 400 duniani, na vifo zaidi ya laki mbili. Vifo hivyo huja pale maambukizi yanapopanda hadi kwenye figo au kuingia kwenye damu. Kwa mjamzito hatari ni mbili, figo zake na uchungu kuja kabla ya wakati.

Sasa, mkojo hutoka kwa nguvu. Bakteria angepaswa kusombwa nao. Hasombwi kwa kuwa ana vinyweleo vyembamba, na kwenye ncha ya kila kinyweleo kuna protini iitwayo FimH inayong'ang'ania sukari iliyo juu ya ukuta wa kibofu. Ni kama nanga. Tena mkondo ukizidi kumvuta, FimH hushika kwa nguvu zaidi, jambo ambalo wavuvi wetu wataelewa upesi kuliko mimi. Akishajishikiza, wengine huingia ndani ya seli za kibofu na kujificha humo. Hapa ndipo penye jibu la wale wanaomaliza dozi na bado ugonjwa unarudi: si lazima dawa iwe bandia.

Wazo la chanjo lilizaliwa kwenye nanga hiyo. Mwaka 1997, Scott Hultgren wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, pamoja na wenzake wa kampuni ya MedImmune, walionyesha kwamba panya waliochanjwa kwa FimH walitengeneza kinga inayoifunika ncha ile, na bakteria wakashindwa kushika. Miaka mitatu baadaye wakajaribu kwa nyani. Kati ya wanne waliochanjwa, watatu walikingika. Yaliyofuata yalikwenda mwendo wa kobe. Chanjo ya namna hiyo imeshafanyiwa majaribio ya awali kwa binadamu, lakini mpaka leo haijafika sokoni.

Ugumu uko wapi? Surua ni virusi vya aina moja, na mtu akiugua mara moja basi kwa kawaida harudii. Kibofu ni tofauti. Kinga yake husahau haraka, hata kuugua kwenyewe hakumkingi mtu. Halafu E. coli wana aina nyingi sana, na hatutaki kuwaua wote, kwa kuwa wengi wao wako tumboni kwa heri.

Mwaka 2024 tuliona ugumu huo waziwazi. Kampuni za Janssen na Sanofi zilikuwa zikijaribu sindano iliyolenga aina tisa za E. coli, kwa wazee wa miaka 60 na zaidi waliowahi kuugua UTI, ili bakteria wasiingie kwenye damu. Jaribio lilikuwa kubwa, la hatua ya tatu, na wengi walilitegemea. Februari likasimamishwa, kwa sababu chanjo haikukinga vya kutosha.

Iliyosonga mbele ni njia nyingine, na mimi binafsi ndiyo ninayoipa matumaini. Inaitwa MV140, ya kampuni ya Inmunotek ya Uhispania. Ndani yake mna aina nne za bakteria waliokwisha uawa, E. coli akiwemo, na haichomwi sindano: mtu hupuliziwa chini ya ulimi kila siku kwa miezi mitatu, ina ladha ya nanasi. (Kwetu ikija, swali la kwanza litakuwa la Ramadhani. Masheikh wajiandae.) Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa 2022. Walihusishwa wanawake 240 wa Uhispania na Uingereza, kila mmoja akiwa ameugua mara tano au zaidi ndani ya mwaka. Baada ya matibabu walifuatiliwa miezi tisa. Waliopuliziwa dawa isiyo na kitu, robo tu hawakuugua tena. Waliopata chanjo kwa miezi mitatu, asilimia 56 hawakuugua. Si kinga kamili, lakini kwa mama anayeugua kila mwezi wa pili hiyo ni tofauti ya maisha.

Angalieni hapo kwamba hii ni kwa wanaorudiwa na ugonjwa. Si chanjo ya kumpa kila mtu, wala haimo katika ratiba ya chanjo ya Kenya. Kwa hivyo akija mtu Mwembe Tayari akikuuzia "chanjo ya UTI", mwache na chupa yake.

Mbona basi nahimiza tuifuatilie? Kwa sababu antibiotiki zinatuishia. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na UTI ni miongoni mwa magonjwa yanayotufanya tuzimeze kwa wingi. Mtu anakwenda kemisti, ananunua vidonge vinne kwa kuwa ndiyo pesa aliyonayo, vingine vilivyobaki nyumbani anampa dada yake. Khalati yangu alifanya hivyo miaka, hadi siku alipopimwa na kukutwa dawa tatu za kawaida hazimfanyi chochote, akalazwa kwa sindano.

Ugonjwa ukirudi mara ya pili au ya tatu, usiombe dawa ile ile. Omba mkojo wako uoteshwe maabara, ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Na kwa walioko Kwale na sehemu nyingine zenye mabwawa na vijito, damu kwenye mkojo huenda ikawa kichocho, hasa kwa watoto. Hicho ni minyoo, si bakteria. Antibiotiki haikigusi, na hata chanjo hizi zikifika hazitakikinga. Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo chake kiombwe kando.